Dubu wa Maji na Insulini ya Baba

Mwaka wa pili, kwenye kipindi cha saa nane mchana ambacho nusu ya darasa huwa inasinzia, mwalimu wetu wa baiokemia alituuliza swali la jikoni. Yai ukilichemsha linakuwa gumu. Sasa ukilipoza, mbona halirudi kuwa bichi? Maji yakichemka yakapoa yanabaki maji. Mafuta ya nazi yakiganda asubuhi ya baridi, ukiyaweka juani yanayeyuka. Yai linagoma. Kwa nini?

Wengi tulikuwa na jibu la kudesa: "Protini zimeharibika." Akacheka, akasema hilo ni jina la tatizo, si maelezo yake. Mimi sikunyoosha mkono. Nilikuwa nafikiria chupa mbili za insulini.

Nyumbani kwetu ni Kilwa Masoko. Baba yangu ana kisukari na anachoma insulini mara mbili kwa siku, ile ya mchanganyiko ambayo ukiizungusha mkononi inakuwa nyeupe kama maziwa. Mwanzoni mwa Mei 2024 duka la dawa tunalolitegemea lilikuwa limeishiwa, hivyo nikanunua chupa mbili Dar kwa hela ya bumu, nikazitia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana pamoja na vipande vya barafu, nikapanda basi Mbagala. Kama unazikumbuka tarehe hizo unajua kilichofuata. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, mvua ikanyesha isivyo kawaida, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende. Basi letu likasimama Somanga, mbele foleni ya malori, nyuma foleni ya malori.

Tulilala pale siku mbili. Mvua ilipokata jua likarudi na ule mvuke wake wa pwani, ndani ya basi hapakaliki. Barafu yangu ikawa maji. Nikaingiwa na hofu kwamba dawa inaiva. Mama mmoja muuza samaki aliniona nikifungua na kufunga ile chupa kila baada ya dakika kumi, akaniuliza kuna nini. Nilipomweleza akafungua deli lake la samaki. "Chota, mwanangu, dawa ya mzee isiharibike. Hii barafu ina chumvi, baridi yake si ya mchezo." Nikajaza mpaka juu, chupa za insulini zikazama katikati. Nilimshukuru sana mama yule, na bado namshukuru.

Tulivuka kwa miguu maji yalipopungua, tukapata gari upande wa pili. Baba akaanza chupa ya kwanza jioni ile ile. Baada ya siku tatu alikuwa anaamka kwenda haja ndogo usiku kucha na kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Siku ya tano tulimpeleka hospitali, akalazwa. Daktari aliiomba ile chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kuta za kioo kulikuwa kumeganda chembechembe nyeupe. "Hii imekufa," akasema, kwa upole tu, bila kunilaumu. Zote mbili zikatupwa. Baba aliruhusiwa baada ya siku nne na mpaka leo akitaka kunitania ananiita mwanasayansi. Ila mimi niliondoka na hukumu kichwani: joto la Somanga ndilo lililoua insulini. Hukumu ile ilikuwa na kasoro, nitaifikia.

Turudi kwenye yai. Protini ni uzi mrefu wa vipande vinavyoitwa asidi amino. Insulini ni protini ndogo, ina asidi amino 51 tu katika nyuzi mbili zilizofungwa pamoja. Frederick Sanger aliyezipanga moja baada ya nyingine alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1958. Lakini uzi peke yake haufanyi kazi. Kazi inatokana na jinsi ulivyokunjwa, kama ufunguo: chuma ni kilekile, meno ndiyo yanayofungua mlango. Sehemu za uzi zisizopenda maji hujificha ndani ya mkunjo, zinazopenda maji hukaa nje. Na mkunjo wote unashikiliwa na vifungo vingi vidogo ambavyo kila kimoja ni dhaifu.

Joto ni mtikisiko. Ukipandisha joto molekuli zote zinacheza, na ukifika kiwango fulani vile vifungo vinaachia, uzi unafumuka. Zile sehemu zilizokuwa zimejificha zinajikuta nje kwenye maji zisiyoyapenda, zinatafuta pa kushika. Jirani naye kafumuka, anatafuta pa kushika. Wanashikana wao kwa wao. Fikiria jarife kumi zilizotupwa ovyo ndani ya mashua moja: huwezi kuvuta moja ikatoka peke yake. Yai la kuchemsha ndiyo hiyo mashua. Kupoza hakusaidii, maana kupoza kunapunguza mtikisiko tu, hakufumbui fundo.

Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti, na mtihani ukija usiyachanganye: kufumuka, na kung'ang'aniana baada ya kufumuka. La kwanza mara nyingine linarudika. La pili ndilo linaloua. Na yote mawili yanahitaji nafasi ya kujitikisa na kutembea, nafasi ambayo ndani ya seli inatolewa na maji.

Hapo mtu wa pwani atasema, basi kausha. Tunajua kukausha sisi. Tatizo ni kwamba ng'onda ukiiloweka inakupa mchuzi mtamu lakini haiogelei. Maji yanasaidia pia kuushikilia mkunjo wa protini. Ukiyaondoa bila kuweka kitu mahali pake, protini zinabanana, ngozi za seli zinagandana, na ukirudisha maji unalowesha mabaki. Samaki hakuwahi kujiandaa kukaushwa.

Ufuta unajiandaa. Anayetoka Kilwa, Ruangwa au Nachingwea ameuona ukivunwa, mashina yamesimamishwa kwa mafungu, vitumba vinapasuka, mbegu kavu mpaka zinalia ukizitikisa kwenye debe. Mbegu ile inakaa mpaka msimu unaofuata, inapigwa na joto la bati la ghala, ukiipanda inaota. Chukua kokwa la embe ulikaushe namna hiyo, limekufa. Chukua mche wa mkoko, ule mrefu unaoanza kuota ukiwa bado unaning'inia kwenye mti, ukauke kabisa, nao umekufa. Tofauti mojawapo ni kwamba mbegu kama ya ufuta, ikikaribia kukomaa, hutengeneza kwa wingi protini zinazoitwa LEA, zilizotambuliwa kwanza kwenye mbegu za pamba na kundi la Leon Dure kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zina tabia moja ya ajabu: ukizichemsha hazigandi. Iweke tabia hiyo akilini.

Sasa tumfikie mnyama mwenyewe. Dubu wa maji ni kiumbe ambacho kwa kawaida hakifiki milimita moja, wengi ni kama nusu milimita, ana miguu minane mifupi yenye kucha, anatembea kama aliyeshiba. Mchungaji wa Kijerumani Johann Goeze alimwelezea mwaka 1773 na kumpa jina hilo la dubu. Miaka mitatu baadaye Lazzaro Spallanzani wa Italia akamwita mwenda pole, ndilo jina la kisayansi, tadigradi. Anaishi kwenye utando mwembamba wa maji, hasa katika vile vimea vya kijani vinavyotanda kama zulia kwenye kuta zenye kivuli. Utando ukikauka anavuta miguu ndani, anajikunja kama kipipa, anapoteza karibu maji yake yote, na uhai unasimama. Ukimrudishia maji, hata baada ya miaka, anajinyoosha na kuendelea na safari.

Umeshaona video zinazosema mnyama huyu hafi. Anakufa, na kwa joto ambalo wewe unalala nalo. Mwaka 2020 watafiti wa Copenhagen, Ricardo Neves na wenzake, walipima aina inayoitwa Ramazzottius varieornatus. Wakiwa hai na wanatembea majini, bila kuzoeshwa joto kwanza, nusu yao walikufa kwa nyuzijoto 37.1 za sentigredi ndani ya saa 24. Wakiwa wamekauka, ilibidi joto lifike nyuzi 82.7 kwa saa moja ndipo nusu wafe. Yaani dubu wa maji mbichi angeteseka kwenye basi la Somanga kuliko mimi. Aliyekauka angekaa juu ya injini. Kwa hiyo swali zuri ni nini kinachobadilika anapokauka.

Jibu lilianza kupatikana Tokyo. Mwaka 2012 kundi la Takekazu Kunieda lilichapisha kazi ambayo naipenda kwa urahisi wake. Waliwasaga dubu wa maji, wakauchemsha ule mchanganyiko karibu na joto la maji yanayochemka, wakaondoa kila kilichoganda, kisha wakaangalia nini kimebaki kimeyeyuka. Hili ni zoezi la yai, ila wao walitafuta kile kisichofanya kama yai. Walichokuta ni familia za protini zisizofanana na protini zilizokuwa zinajulikana. Moja waliiita CAHS, jina linalotokana na kuwa nyingi ndani ya seli na kustahimili kuchemshwa bila kuganda.

Inawezekanaje protini isiharibiwe na kuchemshwa? Kwa sababu haina mkunjo wa kupoteza. Ikiwa majini CAHS ni uzi uliolegea unaobadilika umbo kila wakati. Chumba cha hosteli ambacho kitanda hakijawahi kutandikwa huwezi kuja ukakivuruga. Na asidi amino zake nyingi zinapenda maji, hivyo hakuna sehemu za aibu zilizofichwa ndani zitakazotoka na kuanza kushika majirani.

Mwaka 2017 Thomas Boothby na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba protini hizi zinafanya kazi, hazipo pale kwa bahati tu. Walipopunguza uwezo wa dubu wa maji kuzitengeneza, wengi zaidi walishindwa kuamka baada ya kukaushwa. Walipowapa hamira na bakteria jeni za CAHS, vijidudu hivyo vikastahimili ukavu kuliko ndugu zao. Na ndani ya kichupa, wakikausha kimeng'enya kimoja ambacho kwa kawaida hufa kikikaushwa peke yake, CAHS ilikilinda.

Kinga yenyewe inafanyaje kazi? Mimi nilielewa kwa kashata. Kashata ni karanga zilizozamishwa kwenye sukari iliyopikwa. Sukari ikiwa ya moto inatiririka, karanga zinaelea na kugongana. Ikipoa inakuwa kioo, na ninaposema kioo sipambi maneno. Kwa mwanafizikia ile ni hali ya kioo, yaani molekuli zimesimama zilipo bila kujipanga kuwa fuwele. Kila karanga imebaki mahali pake, haigusi jirani. Maji yanapopungua ndani ya seli ya dubu, nyuzi za CAHS zinakaribiana, zinajisuka kuwa vijinyuzi, vijinyuzi vinakuwa wavu mzito kama jeli, mwishowe yabisi. Protini nyingine za seli zinajikuta kila moja kwenye kijumba chake. Zikitaka kufumuka, hakuna nafasi. Zikifumuka kidogo, hakuna jirani wa kumng'ang'ania. Hapo joto likipanda, mtikisiko upo lakini hauna pa kwenda.

Kashata inakufundisha na udhaifu wa mpango huu. Iache wazi siku ya mvua, inaanza kunata, karanga zinachomoka. Unyevu ukiingia kwenye kioo kinalainika, na kikilainika kinga inapungua. Ukipandisha joto kupita kiasi nacho kinalainika. Ndiyo maana namba za Copenhagen zina mwisho: aliyekauka naye hufa, ila mbali zaidi.

Nisikudanganye kwamba wanasayansi wote wamekubaliana. Mwaka 2021 Kazuharu Arakawa na Keiji Numata wa Japani waliandika kwamba ushahidi wa kioo kama chanzo cha kinga haukutosha. Mwaka uliofuata kundi la Tokyo likaonyesha vizuri zile hatua za vijinyuzi na jeli ndani ya seli. Wengi wa wanyama wengine wanaokauka wanategemea sukari iitwayo trehalosi. Dubu wa maji wana kidogo sana, lakini CAHS na trehalosi zikichanganywa zinasaidiana. Mimi binafsi ule wavu unanishawishi kuliko kioo peke yake, kwa sababu unaanza kulinda mapema, seli ikiwa bado ina majimaji, na hapo ndipo hatari ya kung'ang'aniana ni kubwa zaidi. Mwenye hoja nyingine aje, tubishane kantini.

Matumizi? Mwaka 2023 kundi la Boothby, sasa likiwa Chuo Kikuu cha Wyoming, lilitumia CAHS pamoja na trehalosi kuhifadhi faktari ya nane, protini ya kugandisha damu wanayoikosa watu wengi wenye himofilia. Ilikaa kavu bila friji na ikastahimili kukaushwa na kuloweshwa tena. Kwa mtu wa Songo Songo, ambaye dawa ikitoka Masoko au Kivinje inapanda boti, maneno "bila friji" si mapambo ya ripoti. Na wazo la kukausha si geni kwetu: chanjo ya surua inakuja ikiwa unga mkavu, nesi anauyeyusha siku ya kliniki, na baada ya hapo ana saa sita tu. Kavu inavumilia, mbichi haivumilii. Insulini ya baba inakuja ikiwa majimaji.

Sasa ile hukumu yangu. Nikitafuta makala za joto na insulini, nilikutana na kazi ya mwaka 2021 ya Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva. Walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya: usiku kama nyuzi 25, mchana mpaka 37. Wakarudia mabadiliko hayohayo maabara kwa wiki nne kwa aina kadhaa za insulini. Nguvu yake ilibaki sawa na ya iliyokaa friji. Nilisoma mara mbili. Wiki nne! Mimi nilikaa Somanga siku mbili, kivulini, mvua ikiwa ndiyo imekata.

Nikampelekea mwalimu ile makala na hadithi yangu yote. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Barafu ya samaki ilikuwa na chumvi?"

Nilijisikia mjinga, maana hiyo ni kemia ya kidato cha nne. Chumvi inashusha kiwango cha kuganda, kwa hiyo barafu yenye chumvi inakuwa chini ya sifuri. Barafu yangu ya kwanza, ile ya maji matupu, ilipoyeyuka ilikuwa inaelea kwenye sifuri au juu yake kidogo. Ile ya deli iliigandisha insulini. Na kuganda, ukiangalia kwa jicho la molekuli, ni aina ya kukaushwa. Maji yanajitenga na kuwa fuwele, kila kilichoyeyushwa ndani yake kinasukumwa kwenye vichochoro vinavyobaki, kinabanana. Vile vichembe vyeupe vya insulini ya mchanganyiko vikishagandana hivyo, barafu ikiyeyuka havirudi kuwa maziwa laini. Vinabaki mabonge, vingine vimeng'ang'ania kioo, na sindano moja inavuta dawa pungufu, nyingine inavuta nyingi. Jarife kwenye mashua, safari hii bila joto lolote. Dubu wa maji wengi wanastahimili kuganda. Insulini haina dubu ndani yake.

Usichukue hili kama ruhusa ya kuacha insulini kwenye dashibodi ya gari. Jua la moja kwa moja linapita nyuzi 37 mbali, na maelekezo ya daktari na ya kwenye boksi yabaki palepale. Lakini chupa iliyowahi kuganda, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri, tupa. Siku hizi nikisafiri naifunga kwenye kitambaa na karatasi, barafu inakaa upande wake na dawa upande wake. Nyumbani, umeme ukikatika, mama anaiweka kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Maji yakipanda mvuke yanachukua joto. Kwa unyevu wa Kilwa hakifanyi maajabu ambayo kingefanya Dodoma, ila kinashusha nyuzi kadhaa, na hakigandishi kitu.

Likizo iliyopita nilijaribu kumtafuta dubu mwenyewe. Kuta za Kisiwani zina zile zulia za kijani kila penye kivuli, lakini magofu yale ni urithi wa dunia, hayabanduliwi hata kwa ukucha. Nikabandua kipande nyuma ya simtanki la nyumbani, nikakikausha, nikakitia kwenye bahasha ya kaki. Kilikaa sandukuni wiki saba, mpaka UE ilipoisha. Nilipokinyunyizia maji maabara na kukiweka chini ya darubini, kwa dakika ishirini hakukuwa na kitu. Kisha kidude kikaanza kujivuta, kikafungua mdomo unaozunguka kama pangaboi. Ni rotifera, ndiye yule Leeuwenhoek aliyemwamsha kutoka vumbi la mfereji wa paa mwaka 1702. Baadaye vikaja viminyoo viwili vya nematoda. Dubu hakutokea.

Nilimpigia baba kumweleza. Akaniuliza kama vidudu vyenyewe vilikuwa vimekaa kwenye barafu. Bahasha ya pili, niliyoitoa kwenye ukuta wa kisima cha bibi Kivinje, iko kwenye kabati langu la hosteli, nimeiandika tarehe. Mwenye zamu ya maabara Jumamosi anitafute.